Kima kipya kimetangazwa, kiwandani mnalipwa cha zamani: uanze na chama, Afisa Kazi, CMA au mahakama?

Kila serikali ikitoa amri mpya ya mshahara mambo ni yaleyale. Tarehe ya kuanza inafika, mwezi unaisha, watu wanafungua salari slipu wanakuta namba ya zamani imekaa palepale. Ukimuuliza supavaiza anasema uongozi unalifanyia kazi, HR anasema subirini bajeti, mwezi wa pili unapita, wa tatu unapita, na hapo ndo mabishano yanaanza kwenye basi la shifti: huyu anasema twende kwenye chama, yule anasema Afisa Kazi, mwingine ana shemeji yake alishinda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mwingine anataka wakili na mahakama moja kwa moja. Wote wanaweza kuwa sahihi, inategemea unadai nini na umebakiwa na siku ngapi.

Naongelea Tanzania Bara tu. Zanzibar wana sheria zao za kazi na utaratibu wao wa kushughulikia migogoro, kwa hiyo ndugu zangu wa huko msibebe siku na fomu za hapa mkazipeleka kule.

Kwanza jua unadai nini

Hapa ndo watu wengi wanapotea, na ukikosea hapa hata njia nzuri haitakusaidia.

Mei Mosi 2025 pale Singida Rais alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kinapanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Hiyo haimhusu mtu wa kiwanda binafsi. Ya sekta binafsi ilitangazwa Oktoba 2025, ikaanza kutumika Januari 1, 2026, na namba iliyosambaa sana ni kupanda kutoka 275,060 hadi 358,322. Sasa sikiliza, hiyo 358,322 ni wastani wa sekta zote. Haimaanishi kila mtu anatakiwa kulipwa hiyo. Kila sekta ina mstari wake kwenye jedwali la amri, viwanda na biashara wana wao, migodi wana wao, ulinzi binafsi wana wao. Kuona tofauti ilivyo kubwa angalia amri ya kabla ya hapo, ile ya 2022 iliyoanza Januari 2023: viwanda ilikuwa 150,000 wakati taasisi za fedha ilikuwa 592,000. Kwa hiyo kabla hujamshtaki mtu tafuta amri yenyewe kwenye Gazeti la Serikali, nenda kwenye jedwali, tafuta mstari wako, piga picha. Mtu anaenda kudai 358,322 wakati mstari wake unasema namba nyingine, wakili wa kampuni anammaliza kwa dakika mbili.

Na jedwali halina namba ya mwezi peke yake, lina ya saa, ya siku, ya wiki, ya wiki mbili na ya mwezi. Kibarua wa siku naye yumo. Ukiambiwa hii amri ni ya waajiriwa wa kudumu tu, usikubali.

Madai ya aina ya pili ni ya skeli iliyoandikwa, yaani mkataba wa hali bora kati ya chama na kampuni, au mkataba wako mwenyewe, unasema kila mwaka nyongeza ni kiasi fulani au gredi fulani inaanzia kiasi fulani, halafu kampuni haitekelezi. Hapa haijalishi kama uko juu ya kima cha chini, walisaini, walipe.

Aina ya tatu ndo inauma kuliko zote, na ni ya watu wazima kazini. Kima cha chini kimepanda, kampuni imewapandisha wa chini mpaka kwenye kima, sasa operata mwenye miaka kumi na mbili kwenye mashine analipwa karibu sawa na aliyeingia juzi. Anajisikia kaibiwa, na mimi namuelewa kabisa. Lakini kama hakuna mkataba wala makubaliano yanayosema gredi yake lazima izidi ya chini kwa kiasi fulani, kisheria hana deni la kudai pale. Ana hoja ya kujadiliana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeyagawa haya mawili: lalamiko, ambalo linatokana na sheria au mkataba uliopo tayari, na mgogoro wa maslahi, yaani unaomba kitu ambacho bado hakijawa chako. La kwanza linaamuliwa, la pili linajadiliwa, na likishindikana kabisa ndo linaweza kufika kwenye mgomo halali. Mgomo kwa ajili ya lalamiko sheria haiutambui, na hata ule wa maslahi lazima upitie usuluhishi kwanza, watu wapige kura, na mwajiri apewe notisi ya masaa 48. Kwa hiyo mkiamua asubuhi moja kukaa chini nje ya geti mmempa mwajiri silaha.

Piga hesabu kabla ya kutoka nyumbani

Nitatumia namba za mzunguko uliopita kwa sababu zimeshatulia, wewe utaweka za mstari wako. Tuseme operata aliendelea kulipwa 115,000, ambayo ilikuwa kima cha viwanda kwenye amri ya 2013, kwa mwaka mzima wa 2023, wakati alitakiwa 150,000. Pengo ni 35,000 kwa mwezi, mwaka mzima 420,000. Wengi wanaishia hapo na hapo ndo wanajipunja, kwa sababu ovataimu inatokana na mshahara wa msingi. Wiki ya kawaida ni masaa 45, kwa mwezi inakuwa kama masaa 195, gawanya 35,000 kwa 195 unapata kama shilingi 179 na nusu kwa saa, ovataimu ni mara moja na nusu, inakuja kama 269. Kama alikuwa anapiga ovataimu masaa 40 kila mwezi, hiyo ni kama 10,770 nyingine kwa mwezi, mwaka zaidi ya 129,000. Shifti ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5, nayo ilikokotolewa kwenye msingi mdogo. Na NSSF, ambayo jumla ni asilimia 20, imekosa 7,000 kila mwezi kwenye akaunti yake. Dai la laki nne kumbe linaenda laki sita na kitu.

Andika kwenye karatasi mwezi kwa mwezi: ulicholipwa, ulichotakiwa kulipwa, pengo. Karatasi hiyo itakutumikia kwenye njia zote nne.

Vigezo ninavyotumia kulinganisha

Nimeangalia mambo sita: muda, yaani inachukua muda gani na kuna siku ya mwisho au hakuna, gharama, ushahidi unaotakiwa, hatari yake kwenye kazi yako, unaondoka na nini mkononi, halafu inamfaa nani. Kila njia nimeipitisha kwenye hayohayo.

Njia ya 1: kumalizana ndani, wewe mwenyewe au kupitia tawi la chama

Viwandani chama kinachojulikana zaidi ni TUICO ila kuna vingine pia, muhimu ni kile chenye wanachama wengi hapo kwenu, kwa sababu chama chenye wengi ndo kinatambuliwa kujadiliana kwa niaba ya wote na mwajiri analazimika kukaa nacho mezani kwa nia njema.

Muda: inaweza kuisha ndani ya wiki moja, inaweza kula mwaka. Hakuna siku ya mwisho, na hapo ndo mtego ulipo, kwa sababu mnavyoendelea na vikao saa ya CMA inahesabu, yaani zile siku 60 za kufungua mgogoro wa mshahara huko. Kuongea na HR hakusimamishi zile siku. Hili ningetaka kila tawi la chama lilibandike ukutani.

Gharama: ada ya chama ambayo pengine unakatwa tayari. Kuna sehemu hata asiye mwanachama anakatwa ada ya uwakala kwa sababu anafaidika na majadiliano, kwa hiyo usiseme chama hakinihusu wakati salari slipu inaonyesha kinakuhusu, nenda kadai huduma.

Ushahidi: mdogo tu. Picha ya jedwali la amri, salari slipu mbili tatu, ile hesabu yako. Ila peleka kwa barua, waweke muhuri wa kupokea kwenye kopi yako. Malalamiko ya mdomo kwenye korido baadaye hakuna anayeyakumbuka.

Hatari: ukienda peke yako unaonekana sura, mkienda mia mbili kupitia tawi hakuna anayeonekana. Tatizo ni matawi ambayo mwenyekiti ameshakuwa rafiki wa meneja, na wafanyakazi huwa wanamjua. Wanachama mnaweza kupanda juu, ofisi ya wilaya au mkoa ya chama, msiishie kwa mtu mmoja.

Unachoondoka nacho: makubaliano. Yakiandikwa na kusainiwa ni kitu kikubwa, mkataba wa hali bora unawabana hata wasio wanachama kama chama ndo kinachotambuliwa pale. Yakiwa ya maneno kwamba tutawalipa areasi mwezi wa sita, mwezi wa sita ukifika huna cha kushika.

Inamfaa: mwenye dai la aina ya tatu, karibu ndo njia yake pekee ya maana. Pia kiwanda ambacho uongozi unasikiliza na kosa ni la mtu wa mishahara kutosoma amri. Hilo hutokea kweli, sio kila kampuni inafanya makusudi.

Njia ya 2: Afisa Kazi

Huyu ni mtu wa serikali, yuko chini ya Kamishna wa Kazi, na watu hawamtumii vya kutosha kwa sababu wanadhani yupo wa kukagua tu helmeti na mikataba. Chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi anaweza kuingia kiwandani muda wowote unaofaa bila hati ya mahakama wala taarifa, akaomba rejista ya mishahara, akahoji watu, na akiona kuna sababu za msingi kwamba sheria ya kazi imevunjwa anatoa amri ya utekelezaji. Mwajiri asiporidhika ana siku 30 za kupeleka pingamizi kwa Kamishna, na baada ya hapo anaweza kukata rufaa Mahakama ya Kazi.

Muda: inategemea ofisi ya mkoa wako na mzigo wa kazi walionao. Zile siku 60 nitakazozitaja kwenye CMA ni za CMA, kwa hiyo hata aliyechelewa anaweza kugonga mlango huu.

Gharama: hakuna ada ya kulalamika. Nauli tu na kopi.

Ushahidi: hapa ndo njia hii inang'ara, kwa sababu rejista anazo mwajiri na Afisa Kazi ndo mwenye mamlaka ya kuzifungua. Wewe unahitaji kumpa pa kuanzia, salari slipu mbili, jina la kampuni, idadi ya watu walioathirika kwa makadirio, shifti zenu zinaanza saa ngapi. Kibarua asiye na slipu yoyote, anayelipwa mkononi na kusaini kwenye daftari la msimamizi, hii ni njia nzuri kwake kwa sababu lile daftari ndo ushahidi na Afisa Kazi anaweza kulidai siku hiyohiyo.

Hatari: ndogo kidogo kuliko nyingine kama mtamuomba aje kama ukaguzi wa kawaida na asitaje aliyelalamika. Ongea naye hilo mwanzoni kabisa. Hatari nyingine ni ya kusubiri: umelalamika, umeambiwa tutakuja, miezi inapita, na wewe umejipumzisha kwa sababu umeripoti. Kuripoti kwa Afisa Kazi nako usidhani kunasimamisha siku za CMA.

Unachoondoka nacho: kwa kiwanda kizima mshahara unarekebishwa kuanzia pale, na amri inaweza kugusa malimbikizo. Kwa dai lako binafsi lenye mambo mengi ndani yake, mfano gredi yako ilikosewa tangu mwaka fulani na ulibadilishiwa kazi katikati, njia hii inapwaya, inataka mtu wa kusikiliza mashahidi na kuamua.

Inamfaa: kundi kubwa, vibarua, watu wa kampuni za wakala, wasio na chama, na kosa likiwa jeupe, yaani jedwali linasema hivi na mnalipwa vile.

Njia ya 3: CMA

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ila hakuna anayeiita hivyo, ni CMA. Nitakaa hapa zaidi kwa sababu kesi nyingi za mshahara zinapita hapa na nyingi zinafia mlangoni kwa mambo madogo.

Muda: mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30, mingine yote ikiwemo ya mshahara ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Ulitokea lini? Salama kabisa hesabu kuanzia siku ya kwanza ya malipo ambayo mshahara ulitakiwa uje mpya ukaja wa zamani. Kuna watu wanajenga hoja kwamba kila mwezi usiolipwa vizuri ni mgogoro mpya, waachie mawakili hiyo hoja kwa aliyechelewa, wewe mwenye nafasi usiitegemee. Ukipitiliza unaweza kuomba kuongezewa muda lakini utatakiwa kueleza ucheleweshaji wako wote na sababu zake, na "tulikuwa tunaongea na HR" peke yake ni sababu dhaifu. Ukishapokelewa, usuluhishi unatakiwa ndani ya siku 30 labda wote mkubaliane kuongeza, ukishindikana unaenda kwa mwamuzi, na hapo uwe na subira, kuahirishwa kupo.

Gharama: kufungua ni bure. Unaweza kusimama mwenyewe, kiongozi wa chama chako akakusimamia, au wakili ukimlipa. Kwa kawaida hutozwi gharama za upande wa pili hata ukishindwa, labda uwe umefungua kesi ya kusumbua tu. Lugha nayo sio kikwazo kama zamani, tangu 2021 sheria imefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na vyombo vya kutoa haki, ongea lugha yako vizuri na kwa kujiamini.

Ushahidi: inaanza na fomu namba 1. Nenda nayo taratibu. Sehemu B ni ya walioachishwa kazi tu, kama uko kazini usiiguse. Jina la mwajiri liandikwe lile lililosajiliwa, sio jina la kwenye bango wala la kwenye mifuko ya bidhaa, kwa sababu ukishinda dhidi ya jina lisilo na mwenyewe utakuja kukazia hukumu kwa nani? Angalia mkataba, salari slipu, taarifa yako ya michango ya NSSF, jina la mwajiri lipo pale. Kama uliletwa na wakala, tazama nani hasa kaandikwa mwajiri. Kwenye matokeo unayotaka andika kila kitu: pengo la mshahara, pengo la ovataimu, la usiku, michango ya NSSF, na mshahara urekebishwe kuanzia sasa. Usichokiomba kwenye fomu ni vigumu sana kukipata baadaye. Kopi ya fomu mpelekee mwajiri kwanza na upate uthibitisho amepokea, ndo unaenda kuifungua, CMA watataka kuona huo uthibitisho. Mkiwa wengi mnaweza kufungua pamoja, mmoja akasaini kwa niaba, mkaambatanisha orodha ya majina na sahihi za wote mliomteua.

Na hili watu hawalijui: mzigo wa ushahidi sio wote wako. Mwajiri anatakiwa na sheria kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi na kutunza kumbukumbu. Mkataba asipouleta, ni kazi yake kuthibitisha au kukanusha lile sharti unalodai. Kumbukumbu anazozileta, ni kazi yake kuonyesha ni za kweli. Kwa hiyo dada yangu uliyepoteza slipu za miezi mitatu usikate tamaa ukabaki nyumbani.

Hatari: hapa jina lako lipo kwenye karatasi. Kutumia haki uliyopewa na sheria sio sababu halali ya kukufukuza, ukifukuzwa kwa hilo ni kesi nyingine, mpya, yenye siku zake 30, usiiunganishe kichwani na ile ya mshahara ukasubiri. Hatari ya kimyakimya ni kubadilishiwa shifti, kunyimwa ovataimu, kutafutiwa makosa. Weka daftari la tarehe. Na siku ya usuluhishi usikose, mlalamikaji asipotokea lalamiko linaweza kufutwa, mwajiri asipotokea msuluhishi anaweza kuliamua.

Unachoondoka nacho: mkielewana, hati ya makubaliano. Kwenye usuluhishi utapewa ofa, na hapa mtu aamue kwa hesabu aliyoileta, sio kwa hasira wala kwa njaa ya siku hiyo. Unadai laki tano na nusu, wanakupa laki nne wiki ijayo na mshahara mpya kuanzia mwezi huu, kwa mwenye ada za watoto Januari inaweza kuwa nzuri kuliko tuzo kamili, yaani uamuzi wa mwamuzi, mwakani. Wanakupa laki moja na nusu na mshahara unabaki palepale? Hapo endelea kwa mwamuzi. Tuzo ya mwamuzi ina nguvu, inakaziwa Mahakama ya Kazi kama hukumu.

Inamfaa: mwenye dai la aina ya kwanza au la mkataba wake binafsi, ambaye bado yuko ndani ya siku 60, na anataka uamuzi utakaoandikwa na kutekelezwa.

Njia ya 4: Mahakama ya Kazi

Yaani Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Hapa niseme wazi kwamba kwa wengi sio mlango wa kuanzia. Unafika huku baada ya CMA, ama kuomba mapitio ya tuzo ndani ya wiki sita tangu uipate, ama kukazia tuzo. Kuna njia moja muhimu ambayo ni tofauti kidogo: mgogoro wa tafsiri au utekelezaji wa mkataba wa hali bora. Huo unaanza CMA kwa usuluhishi, ukishindikana hauendi kwa mwamuzi, unaenda Mahakama ya Kazi kuamuliwa, labda mkataba wenyewe uwe umeweka utaratibu mwingine. Kwa hiyo kama shida yenu ni skeli iliyoko kwenye mkataba wa hali bora, chama kijipange kwa mahakama tangu siku ya kwanza.

Muda: mrefu kuliko zote, na aliyeshindwa anaweza kwenda Mahakama ya Rufani kwa hoja za kisheria.

Gharama: huku pia kwa kawaida hakuna kubebeshana gharama isipokuwa kesi ikiwa ya kusumbua, lakini kuandaa viapo na hoja kunahitaji mtu anayejua. Kiongozi wa chama anaruhusiwa kukuwakilisha, tumieni hiyo, wanasheria wa vyama wapo kwa kazi hii.

Ushahidi: kwenye mapitio husimulii upya kila kitu, mahakama inatazama kilichofanyika CMA. Ulichosahau kule kinakugharimu huku.

Hatari: kwenye kazi ni ileile ya CMA ila kwa muda mrefu zaidi. Ongeza na kuchoka, kikundi kinaanza watu sitini kinaisha watu kumi na moja kwa sababu wengine wamehama, wamestaafu, wamekubali kulipwa kidogo.

Unachoondoka nacho: uamuzi wa Mahakama Kuu, ambao unaweza kuwafaa hata wa kiwanda cha jirani wenye skeli kama yenu.

Inamfaa: chama au kundi lililojipanga, wenye mkataba wa hali bora unaopuuzwa, na mtu aliyeshinda CMA akanyimwa malipo.

Sasa wewe uko wapi kati ya hawa

Kama uko kwenye kiwanda chenye chama kinachofanya kazi na mwezi wa kwanza tu ndo umekuja pungufu, anza ndani kwa barua, ila siku hiyohiyo weka alama kwenye kalenda siku ya 45 tangu malipo hayo pungufu. Ikifika bila maandishi ya maana, anza kujaza fomu ya CMA huku vikao vikiendelea, hakuna sheria inayowakataza kuendelea kuongea.

Kama ni vibarua wa siku, hamna slipu, mnalipwa kwa wakala na mnaogopa kesho kutoitwa getini, Afisa Kazi. Nendeni wawili watatu siku ambayo hamna shifti, mkiwa na majina ya wasimamizi na saa za kulipwa.

Kama wewe ni fundi au operata wa siku nyingi, uko juu ya kima lakini vijana wamekufikia, usifungue lalamiko kwanza. Kusanya wenzako wa gredi yako, pelekeni hoja tawini iingie kwenye majadiliano ya mkataba wa hali bora unaofuata, mkiwa na pendekezo la namba, kwa mfano gredi ya operata ikae asilimia fulani juu ya kima kila kinapopanda. Lakini kabla ya hapo soma mkataba wako wa ajira mstari kwa mstari, kuna mikataba ya zamani ina kipengele cha nyongeza ya kila mwaka ambacho kila mtu ameshakisahau, na ukikikuta dai lako limehama kutoka maslahi kwenda lalamiko.

Kama umeshaacha kazi au umeachishwa na unadai pia tofauti ya mshahara, angalia siku 30 kwanza maana ndo fupi, na fomu iwe na madai yote mawili, hapo sehemu B inakuhusu.

Kama siku 60 zimeshapita, Afisa Kazi kwa ajili ya kurekebisha kuanzia sasa, na kwa ya nyuma tafuta wa chama au wakili akusaidie maombi ya kuongezewa muda, uende na kila barua yenye tarehe uliyonayo.

Na kama zimebaki siku mbili tatu, acha kuuliza watu. Jaza fomu leo, mpeleke mwenzako awe shahidi wakati unaikabidhi mapokezi ya kiwanda, wakikataa kusaini muulize afisa wa CMA ni uthibitisho gani mwingine atakubali, kesho asubuhi uwe dirishani kwao na kopi zako.